Bibi alisema sindano itamuua

Mwaka wa kwanza wa diploma ya uuguzi tulikuwa na somo moja ambalo nusu ya darasa tulikuwa tunahudhuria mwili tu, akili iko kwingine. Sosholojia na saikolojia. Mwalimu anasoma, sisi tunaandika, na mtihani ukija swali ni lilelile la miaka yote, taja faida tano za sosholojia kwa muuguzi, unazimwaga zote tano kama ulivyozikariri, unapata alama zako unarudi kwenye anatomia ambayo ndo tuliona ni kazi yenyewe. Mi nilifaulu vizuri sana lile somo. Ila nilipofika wodini sikujua kwamba zile kurasa zote zilikuwa zinamzungumzia mama aliyekaa mbele yangu kwenye benchi amempakata mtoto.

Degedege ndo iliyonirudisha darasani, kwa hiyo naandika kuhusu degedege.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kituo cha afya huku ukanda wa Pwani, jina naliacha. Wodi ya watoto ina vitanda nane, mvua zikikolea kila kitanda kinalala watoto wawili, mmoja kichwa huku mwingine kichwa kule, na zamu ya usiku mnakuwa nesi mmoja na mhudumu mmoja. Usiku mmoja akaletwa mtoto wa miaka kama miwili na nusu hivi, kaja na mama yake na shangazi yake, degedege imemkamata tangu mchana, saa hiyo imemwachia lakini anahema kwa shida na macho hayafunguki. Shingoni ana hirizi mpya, uzi bado mweusi tii, na mwili wote unanuka moshi. Nikajua wametoka wapi. Nikawaka. Mama wee, mtoto anaumwa tangu mchana unampeleka kwa mganga mpaka anataka kufa ndo unakumbuka hospitali, nyie watoto mnawaua wenyewe halafu mnakuja kutulaumu sisi. Nilisema hivyo mbele ya wodi nzima. Yule mama hakujibu, akavuta kanga akajifunika mpaka usoni. Shangazi ndo akauliza kwa sauti ya chini, sista, unataka kumchoma sindano? Nikamjibu sasa ulitaka nimpe pipi?

Nikaenda stoo kuchukua dawa na kanula, kale kabomba kanakoingizwa kwenye mshipa. Sidhani kama nilikaa dakika kumi. Narudi, kitanda kitupu. Mlinzi akasema wametoka wanakimbia wakapanda bodaboda, yeye akadhani nimewapa rufaa. Kadi ya kliniki ya mtoto ilibaki juu ya godoro, ina jina la kijiji, haina namba ya simu. Nilikaa nayo mfukoni mpaka zamu ikaisha. Mpaka leo sijui yule mtoto alipona au hakupona, na nimeshahama vituo viwili tangu hapo.

Kwa muda mrefu nilikisimulia kisa hiki kwa wenzangu kama mfano wa watu wasioelewa. Sikisimulii hivyo tena.

Tukae kidogo kwenye neno lenyewe. Sisi hospitali tukisikia degedege tunawaza mwili unaotukutika kwa sababu joto limepanda, au malaria imefika kwenye ubongo, au homa ya uti wa mgongo, au sukari imeshuka. Nyumbani ni habari nyingine kabisa. Kuna dege, wengine watakwambia ni ndege mkubwa, wengine watakwambia ni yule nondo wa usiku, na kivuli chake kikimpitia mtoto hasa usiku wa mbalamwezi, mtoto amepatwa. Kilifi huko Kenya Wamijikenda wanaita nyuni, na nyuni ni ndege vilevile. Na ukweli ni kwamba ukimwangalia mtoto mwenyewe unaona jina limetoka wapi, mikono inapigapiga kama mbawa, shingo imekakamaa, macho yamegeukia juu kama kuna kitu kinapita hewani ambacho yeye anakiona na wewe hukioni. Mtu aliyelipa jina hili alikuwa anaangalia kwa makini sana.

Miaka ya tisini watafiti akina Peter Winch na Makemba na wenzao walifanya kazi Bagamoyo, wakawasikiliza wazazi wanavyoyaita na kuyatibu magonjwa ya homa, na matokeo yakachapishwa 1996. Walichokikuta kwa mtu aliyekulia Pwani si kigeni, ila kukiona kimeandikwa kama elimu kulinishtua. Watu walikuwa wanatenganisha. Kuna homa ya malaria, ugonjwa wa kawaida, wa hospitali, unanunua dawa unapona. Halafu kuna degedege, ambayo si malaria na si ya hospitali, unaanza na mganga, mtoto anafukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, anamwagiwa mkojo, akitulia ndo unafikiria mengine. Na sindano ndo hatari yenyewe, mtoto mwenye dege akichomwa anakufa.

Sasa weka pembeni yake tangazo la redioni linalosema malaria inaua, wahi hospitali. Mama anasikia. Anakubali kabisa. Lakini mwanawe hana malaria, ana degedege! Tangazo limempita pembeni na wala hakuna kosa alilofanya, ametii kila neno alilosikia. Sisi tulikuwa tunaongea Kiswahili na yeye anaongea Kiswahili, tukadhani tunaelewana.

Halafu kuna hili la sindano, ambalo mi nililiwaza sana kwa sababu ndo lililoniondolea yule mtoto. Nilikuwa nadhani ni uvumi tu. Siku moja nikakaa nikaupanga mlolongo wa saa kama mtu wa nyumbani anavyouona, na ukiupanga hivyo unajikuta unamwelewa bibi yeyote wa kijijini. Degedege nyingi zile za homa tu, za watoto wa miezi sita mpaka miaka mitano, zinakaa dakika chache zinaacha zenyewe. Mtoto kashikwa, watu wanakimbia naye kwa mganga, njiani au mlangoni pale mtukutiko unakoma, mganga anafukiza, mtoto analala, anaamka anaomba maji. Nani kaponya? Yule ambaye mtukutiko haukukoma ni yule mwenye malaria ya kichwa, ile iliyofika kwenye ubongo, huyo kwa mganga anakaa siku nzima, hapati nafuu, anapelekwa hospitali usiku akiwa hajitambui, anachomwa sindano, anakufa saa moja baadaye. Nani kaua? Rudia mlolongo huo kwa miaka hamsini, vijiji vyote, kila familia na wake. Mganga anapelekewa wale ambao wengi wao wangepona, sisi tunaletewa wale waliobaki. Na zamani zilikuwa sindano za kwinini, ambayo yenyewe inaweza kushusha sukari ya mtoto ambaye hajala tangu jana. Kwa hiyo bibi anayesema sindano inaua hajabuni kitu, anatoa ushahidi wa alichokiona kwa macho yake. Kasoro iko kwenye sehemu ya mlolongo ambayo yeye hakuonyeshwa, na sisi ndo tuliokuwa tunaiona.

Mwalimu wetu angetufundisha hivi nadhani tungeamka.

Kuna kitu kingine ambacho hakikuwa kwenye zile faida tano, nacho kinatuhusu sisi manesi wenyewe. Mwaka 1960 mwanasaikolojia mmoja wa Uingereza anaitwa Isabel Menzies aliandika kuhusu manesi wa hospitali moja ya mafunzo London. Wanafunzi wa uuguzi wengi walikuwa wanaacha, hospitali ikataka msaada, akaingia kuangalia. Akakuta kazi imekatwakatwa vipande vidogovidogo, huyu anapima joto wagonjwa wote, yule anagawa dawa wagonjwa wote, hakuna nesi anayekaa na mgonjwa mmoja mpaka amjue, na wagonjwa wanaitwa kwa vitanda na magonjwa, ini la kitanda cha kumi. Menzies akasema huu utaratibu wote ni namna ya kujikinga. Kukaa karibu na maumivu na kifo kila siku kunatisha, hospitali ikajenga ukuta wa kazi ili nesi asihisi, na hofu yenyewe haikupungua.

Niliposoma habari hizo nikasema hee, huyu kaja wodini kwetu. Si ndo tunavyosema, degedege ya kitanda cha tatu imepata dozi? Na nikarudi usiku ule nikajiuliza nilikuwa nimekasirika nini hasa. Nilikuwa nesi peke yangu na watoto kumi na tano, wiki hiyo nilikuwa nimeshafunga maiti mbili za watoto kwa mikono yangu, na nilipomwona yule wa moshi nilijua ndani yangu kwamba huenda wa tatu ndo huyu. Hiyo ilikuwa hofu, ikatoka mdomoni kama ukali. Najua wamama wanalalamika kuhusu lugha za manesi, wana haki kabisa, mi nimekuwa nesi huyo. Lakini kutuambia tuwe na lugha nzuri halafu mnatuacha mmoja na watoto kumi na tano usiku kucha hakutabadilisha kitu. Ukali ule una chanzo, na chanzo kinatibika, nesi wa pili kwenye zamu, dakika kumi za kukaa na mwenzako mkaongea mtoto akifariki badala ya kubadilisha shuka na kuita anayefuata. Naliamini hili kwa moyo wangu wote.

Na ukali unafundisha pia. Yule mama alijifunza usiku ule kwamba ukitoka kwa mganga usiende hospitali, au ukienda ivue hirizi, muogeshe mtoto, danganya saa. Wanatudanganya saa kweli. Unauliza kaanza lini, unaambiwa sasa hivi tu sista, na wewe unaamua tiba kwa hiyo sasa hivi.

Miaka ikapita. Kituo kingine, Pwani hiihii. Saa mbili usiku kasoro hivi ikaingia bajaji mpaka mlangoni, mtoto wa kiume miaka mitatu anatukutika, mama yake msichana mdogo tu, na bibi mzaa baba. Kwanza lazima niseme hili, mtoto akiwa anatukutika hakuna cha mazungumzo, unamlaza ubavu, unahakikisha njia ya hewa, husukumizi kijiko mdomoni, unampa diazepamu, dawa ya kukomesha mtukutiko, kupitia njia ya haja kubwa, unapima sukari. Mikono inafanya kazi. Ila mdomo unaweza kufanya yake mikono ikiendelea, na hilo ndo nilikuwa nimelijifunza. Nikasema shikamoo bibi. Akashtuka kidogo, akaitika marahaba. Mtukutiko ukakoma. Nikamtoboa mtoto kidole, sukari haikuwa mbaya, kipimo cha malaria kikaleta mistari miwili haraka sana, yaani malaria ipo.

Bibi akasema, mwanangu fanya yote ila sindano usimchome, itamuua.

Kuna daktari wa Marekani anaitwa Arthur Kleinman, ambaye pia ni mwanaanthropolojia, yeye na wenzake 1978 walishauri kwamba kabla hujamweleza mgonjwa ugonjwa wake muulize yeye anauonaje, anauitaje, anadhani umeletwa na nini, anaogopa nini zaidi. Maswali mepesi mno, ukiyasoma unaona kama hayana kitu. Nikachutama pale mbele ya benchi, kwa sababu kumsimamia mtu mzima kichwani huku umeshika trei huo si mkao wa kuuliza, nikamwuliza, bibi unaonaje, mtoto ana nini? Akasema dege. Kwenye sindano unaogopa nini bibi?

Akanyamaza. Mkwewe akainama. Halafu bibi akasema, mi nilileta wangu wa pili, kabla Mwalimu Nyerere hajang'atuka, nilimbeba mgongoni kutoka shamba usiku kucha. Walimchoma hapa. Akagusa paja lake. Sijakaa chini akakata roho.

Nikamwuliza walikueleza nini? Akasema walinipa mwili tu.

Miaka takriban arobaini anaishi na hiyo. Kila mjukuu aliyeumwa alipita kwenye usiku ule. Ningemwambia pale kwamba ni imani potofu ningekuwa namwambia kwamba mwanawe hakufa. Nikampa pole, nikamshika mkono. Nikamwambia bibi, sikuwepo siku ile, ila ninavyoelewa kazi hii mwanao alifika roho yake imeshakwenda mbali, sindano ikamkuta anaondoka, na walikosea sana kutokukueleza. Huyu umemuwahi. Kachelewa saa moja tu, wa kwako alichelewa usiku mzima, na wala haikuwa kosa lako, njia ndo ilikuwa ndefu. Akaanza kulia taratibu, bila sauti.

Haya yote yalichukua dakika tatu, nne. Nasema hivi kwa sababu wenzangu wananiambia hatuna muda wa kukaa na kila mtu. Yule mtoto wa kwanza nilimpa sekunde ishirini za ukali na nikampoteza.

Mambo mengine yalikuwa madogo. Hirizi ilikuwa mkono wa kulia, sikuigusa, nikatafuta mshipa kushoto. Nikamwomba bibi yeye ndo amshike mjukuu wake, kwa sababu mtu mwenye hofu ukimtoa nje hofu inakua huko nje, ukimpa kazi inapata pa kwenda. Na nikamwambia mapema kitakachotokea, kwamba akichomwa hataamka hapohapo, atalala huenda mpaka alfajiri, ile dawa ya kwanza nayo inalaza, kwa hiyo usingizi usikutishe, ukiona anahema hivi, nikamwonyesha, hapo ndo uniite. Hilo la kutabiri ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtoto aliyelala kimya baada ya sindano, kwa bibi ambaye hajaambiwa kitu, ni mtoto aliyekufa tayari, na hapo ndo watu wanapobeba watoto wao wakaondoka. Na usimwage maneno yote kwa mkupuo, mtu aliyeogopa anashika sentensi moja mbili, nyingine zinamwagika, unarudi baada ya nusu saa unasema tena.

Akasema, haya, choma.

Mama wa mtoto muda wote huo hakuwa amesema neno. Baba yuko dago, kambi ya wavuvi, mtandao hamna. Mi zamani ningehangaika na mama kwa sababu kwenye fomu yeye ndo mzazi, ningemwelimisha vizuri kabisa, angetikisa kichwa ndiyo sista, na uamuzi ungebaki palepale ulipo, kwa bibi. Mwaka 1994 watafiti wawili, Thaddeus na Maine, walieleza namna mama wajawazito wanavyokufa kwa kuchelewa kwa aina tatu, kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa wakishafika. Iliandikwa kwa ajili ya uzazi lakini ukiiweka juu ya degedege inakaa sawasawa. Na hiyo ya kwanza, ya kuamua, mara nyingi inakalia kiti cha mtu ambaye kwenye kliniki zetu za wamama hatujawahi kumwalika. Bibi ndo anayejua dalili, bibi ndo anayejua mganga, bibi ndo mwenye ushahidi wa mwaka ule. Mi siku hizi elimu ya afya nikitoa nauliza kwanza mabibi wako wapi, waleteni.

Mwaka 2010 ulitoka utafiti mkubwa, watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, nusu walipewa kwinini na nusu artesuneti. Wa kwinini walifariki asilimia 10.9, wa artesuneti asilimia 8.5. Ndo maana leo tunachoma artesuneti, na ukizidisha tofauti hiyo kwa watoto wote wa bara hili ni watoto wengi mno. Naiheshimu sana kazi ile. Lakini huo wote ni ushindi wa dawa iliyokwisha kuingia kwenye mshipa. Kuanzia mlango wa wodi mpaka kwenye mshipa kuna bibi, na hapo katikati ndo kazi yetu sisi manesi, hakuna mwingine wa kuifanya.

Artesuneti inachomwa ya kwanza, halafu baada ya saa 12, halafu baada ya saa 24. Ya kwanza nilichoma saa mbili usiku, maana yake ya pili inaangukia saa mbili asubuhi na mi nakuwa nimeshakabidhi zamu. Alfajiri mtoto alifumbua macho akamtafuta bibi yake, akanywa maji kidogo, akarudi kulala. Bibi hakuwa amelala kabisa, alikuwa amekaa anaangalia kifua cha mtoto kama nilivyomwonyesha.

Nikakaa kuandika ripoti. Fomu ina sehemu ya joto, mapigo, pumzi, maji yaliyoingia, mkojo uliotoka, dawa na saa. Nikaitafuta sehemu ya kuandika alichoniambia bibi, hamna. Nikaandika pembeni, kwa wino mwekundu, herufi za kubana kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo: bibi alifiwa na mtoto baada ya sindano, kabla ya dozi ya pili ongea naye kwanza, hirizi isitolewe.

Mwenzangu aliingia saa moja na nusu, msichana mgeni, ana miezi minne tu kazini. Akasoma ripoti yote, akarudia pale pembeni. Hakuuliza kitu. Saa mbili ilipokaribia akaandaa trei, akaiacha mezani, akaenda kitandani mikono mitupu. Mtoto alikuwa ameamka anavutavuta plasta ya kanula.

Shikamoo bibi, akasema. Bibi akamwitikia, akajisogeza ukutani ili apate pa kukaa.